Mnasoma kitabu gani kwa sasa, na kipi kinamfaa mtu mzima anayeanza kusoma riwaya za Kiswahili?

Mwalimu wa Mbale

Ndugu wasomaji, salamu kutoka Mbale.

Ninafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Kwa muda sasa baadhi yetu walimu, pamoja na muuguzi mmoja na mfanyabiashara wa kahawa ambaye haipiti wiki hajafika Busia, tumekuwa tukikutana mara moja kwa mwezi kuzungumzia vitabu. Kwa kuwa tumetoka makabila mbalimbali, mazungumzo yetu huwa ya Kiswahili, lakini vitabu vyote tulivyosoma mpaka leo ni vya Kiingereza. Katika kikao kilichopita yule mfanyabiashara alituuliza kwa nini watu wanaobishana kwa Kiswahili tangu chai inapomiminwa hadi wanapoagana hawajawahi kufungua hata riwaya moja ya lugha hiyo, na hatukuwa na jibu la maana la kumpa. Tumekubaliana kwamba vitabu vinavyofuata viwe vya Kiswahili, nami nimepewa kazi ya kuleta mapendekezo.

Nianze na kilichomo mkononi mwangu. Ninasoma *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kufasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobeli. Yusuf ni mtoto wa mwenye hoteli katika mji mdogo wa bara uliofikiwa na reli, na kila mara tajiri Aziz wa pwani anapomaliza kuwazuru humwachia mtoto sarafu ya anna kumi. Siku moja Yusuf anaambiwa kwamba ataondoka na tajiri huyo. Mwandishi hapazi sauti wala hatoi hukumu. Taratibu tu tunatambua, pamoja na mtoto mwenyewe, kwamba Aziz aliyemdhania kuwa ndugu ni mtu anayemdai baba yake, na kwamba yeye amewekwa rehani. Baadaye msafara wa biashara unaingia bara, na hapo ndipo kitabu kiliponishika zaidi, kwa sababu watu wa pwani wanawatazama watu wa bara kama washenzi, na mimi msomaji wa bara ninayatazama macho yao yanayonitazama. Sijawahi kukutana na hali hiyo katika kitabu chochote nilichofundishwa shuleni.

Hata hivyo sioni kama *Peponi* ni kitabu cha kuanzia kwa wenzangu wote. Wengi wao Kiswahili chao ni cha sokoni, cha redioni na cha safarini. Wanaelewa kila kitu kinachosemwa, lakini hawajawahi kumaliza riwaya ya kurasa mia mbili. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, sisi walimu tumekuwa tukizungumza juu ya vitabu vya kiada na upungufu wa walimu tu, na sijasikia mtu akiuliza mtu mzima asome nini jioni akiwa nyumbani kwake, pasipo mtihani wowote unaomngoja.

Kwa hiyo naomba mnieleze mnachosoma kwa sasa, kisha mnitajie kitabu kimoja au viwili ambavyo mngempa msomaji wa namna hiyo, na sababu zenu. Naomba sana msinitumie orodha ya vitabu vya kutahiniwa, hiyo ninayo.

Muuza Vitabu, Jinja

Mwalimu, nimefurahi kuona swali hili, kwa maana wateja wangu huniuliza jambo hilohilo wakiwa wamesimama mbele ya meza yangu, nami huwajibu kwa kuwatazama usoni kwanza.

Kwa sasa narudia *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, na hicho ndicho ninachompendekezea mtu yeyote ambaye hajawahi kumaliza riwaya. Kilitoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi wa hadithi, na ndicho kilichomleta duniani Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja asiyetengana na kiko chake. Mtu ameuawa, maiti imekutwa penye mzimu ambao watu wanauogopa, na kila aliyepo ana sababu yake ya kusema uongo. Msomaji mgeni haulizi maana ya kila neno, kwa kuwa anataka kujua nani ameua. Hiyo ndiyo nguvu ya hadithi ya upelelezi: inamvusha mtu kwenye maneno magumu bila yeye kujua kwamba amevuka. Akishakimaliza ataomba *Kisima cha Giningi*, halafu *Siri ya Sifuri*, na wewe utakuwa umempata.

Nina onyo moja. Wateja wengi huchagua kitabu kwa unene, wakidhani kwamba chembamba ndicho chepesi. Nimeona watu wakichukua *Nagona* cha Euphrase Kezilahabi kwa sababu kinaingia mfukoni, kisha wakakirudisha wakiwa na uso wa mtu aliyepotea msituni. Ni kitabu kikubwa kwa maana yake, lakini hakina hadithi ya kushika kamba mpaka mwisho. Vivyo hivyo *Mzingile*. Msivilete kwenye kikundi chenu kabla ya kupita mwaka.

Na Shaaban Robert pia muacheni kwanza. Wengi waliochoshwa na Kiswahili walichoshwa na yeye shuleni. Yeye hana kosa, lakini kovu lipo.

Min Lakwena, Gulu

Habari ya kwako Mwalimu, na wote mliomo humu.

Mimi ninasoma *Utengano* cha Said Ahmed Mohamed, na nimefika mahali ambapo Maimuna, binti aliyefungiwa nyumbani na babake Bwana Maksuudi kama mali iliyowekwa kabatini, anaanza kuonja dunia ya nje, na kila ukurasa natamani kumshika mkono nimrudishe. Ni riwaya nzuri mno, ila ina uchungu wake, na sijui kama ningeanza nayo.

Pendekezo langu ni lingine, na nashangaa kwamba halijatajwa na mtu yeyote katika jukwaa la Waganda: *Wimbo wa Lawino*. Okot p'Bitek alizaliwa hapa Gulu mwaka 1931. Shairi lake wengi wetu tulilisoma kwa Kiingereza, nchi nzima ikijua kwamba lilitoka mwaka 1966, lakini ni wachache wanaojua kwamba Paul Sozigwa alilifasiri kwa Kiswahili na likachapishwa mwaka 1975. Nakala niliyosoma mimi ilikuwa ya maktaba ya shule, haina jalada, na kurasa zake za mwanzo zimekunjwa pembe na wasomaji wasiohesabika.

Sababu yangu ya kuipendekeza ni hii. Msomaji mgeni hukwama kwa mambo mawili, yaani lugha asiyoizoea na ulimwengu asioujua. Mpe Unguja ya miaka ya arobaini, pamoja na mabaraza yake, makuli wake na mabwana shamba wake, naye atahitaji kujenga ulimwengu mzima kichwani huku akipambana na lugha. Mpe Lawino, na nusu ya mzigo imeondoka, kwa sababu mwanamke huyo yeye anamfahamu. Ni shangazi yake. Ni jirani yake. Mume, Ocol, amerudi na elimu yake, amempata Tina anayejipaka poda, na mke wa kwanza anakaa uani akiwaeleza watu wa ukoo wake kila anachokiona. Kuna sehemu anayoeleza saa kubwa ya ukutani ambayo Ocol anajivunia nayo. Lawino hajui kuisoma, wala haoni sababu ya kuijua, kwa kuwa mtoto hunyonya anapolia na si saa inapogonga, na jogoo, jua na vivuli vimekwisha kumwambia wakati wa kila kazi. Isomeni sehemu hiyo kwa sauti katika kikao, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza, kisha mtazame ni nani atakayebaki bila kucheka, na ni nani atakayeanza kumtetea Ocol. Katika kikao chetu hapa waliomtetea Ocol walikuwa wanawake.

Zaidi ya hayo, mistari yake ni mifupi. Mtu aliyechoka na kazi anaweza kusoma kurasa kumi kitandani na akahisi kwamba amesafiri.

Muuza Vitabu, nakubaliana nawe juu ya *Nagona*. Juu ya Shaaban Robert nina shaka, lakini nawaachia wengine.

Afande Mstaafu, Bombo

Mwalimu, pokea salamu zangu.

Kiswahili nilikipata kambini, kama wengi wa umri wangu. Kilikuwa Kiswahili cha amri, cha zamu, na cha kuomba chumvi kwa mwenzako. Nilipostaafu niligundua kwamba ninaweza kuamrisha kikosi kizima lakini siwezi kumbembeleza mjukuu wangu kwa lugha hiyo. Vitabu ndivyo vilivyonipa maneno mengine.

Ninachosoma kwa sasa ni *Kuli* cha Adam Shafi, na ninakwenda polepole kwa makusudi. Kinahusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Mwandishi anapoeleza kazi ya kuli, anaieleza mpaka mgongo wako wewe msomaji unauma: magunia, jua, msimamizi asiyeridhika, na ujira ambao umekwisha kabla haujafika nyumbani. Rashidi, kijana ambaye tunamfuata tangu mwanzo, hazaliwi shujaa. Anasukumwa na maisha mpaka anajikuta amesimama na wenzake. Mimi nimeishi maisha yangu nikitoa amri na kupokea amri, na sikutegemea kwamba kitabu juu ya watu waliokataa amri kingenipendeza kiasi hiki.

Lakini *Kuli* si cha kuanzia. Cha kuanzia, kwa vijana wa kiume hasa, ni vitabu vya Elvis Musiba. Najua kwamba wasomi huvikunjia uso. Acheni wavikunjie. Willy Gamba anapotumwa Kinshasa katika *Kikosi cha Kisasi*, hakuna anayeweka kitabu chini kwenda kula. Nimewahi kukipa kijana wa jirani ambaye alikuwa hasomi chochote isipokuwa matokeo ya mpira, akakirudisha baada ya siku chache akiuliza kama kuna kingine. Nikampa *Kufa na Kupona*. Kisha nikamhamisha kwa Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, ambaye ni mwerevu zaidi na ana mzaha. Ndivyo anavyolelewa msomaji, na haanzi na mwenye hekima bali na anayekimbizana na majambazi.

Jambo moja zaidi, Mwalimu, kwa heshima. Usikidharau Kiswahili cha sokoni na cha kambini. Aliyekizungumza miaka mingi ana sikio la lugha, na sikio hilo kitabu hakiwezi kumpa mtu. Kinachomkosesha raha anaposoma ni mazoea ya macho tu, na macho huzoea.

Mwanafunzi wa Uzamili, Makerere

Nawasalimu wote, na kwa Afande, shikamoo.

Naomba kupinga, kwa adabu, shauri la kumweka Shaaban Robert kando. Nina sababu ya kisomo na sababu ya hapa kwetu.

Ya hapa kwetu naitaja kwanza. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, katika mkutano ambao mpaka leo unatajwa kila panapozungumzwa fasihi ya bara hili. Walialikwa wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mwanafunzi hapa wakati huo na akahudhuria, aliandika baadaye kwamba kijana kama yeye mwenye hadithi chache tu za Kiingereza alistahili kukaa humo, lakini Shaaban Robert, mshairi mkubwa kuliko wote wa Afrika Mashariki aliyekuwa hai, hakustahili. Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo wa Juni 1962. Ninapopita mbele ya jengo kuu la chuo huwa nalifikiria jambo hilo, na naona kwamba sisi wa Uganda tuna deni dogo kwa mzee yule, hata kama hatukulikopa wenyewe.

Sasa sababu ya kisomo. Shuleni tulichoshwa kwa sababu tulipewa Shaaban Robert kwa ajili ya kutafuta maudhui na tamathali za semi. Msomaji mtu mzima asiyetafuta chochote atakutana na mtu mwingine kabisa. Ninachosoma tena kwa sasa ni *Kusadikika*, kilichotoka mwaka 1951. Ni nchi inayoelea angani, na Karama ameshtakiwa kwa kuwafundisha watu elimu ya sheria. Mshtaki wake ni waziri Majivuno. Karama hajitetei kwa kuomba huruma. Anasimulia mbele ya baraza habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, mbinguni na ardhini, kutafuta maarifa ya kuifaa nchi, na kila mmoja aliporudi na hazina yake alitiwa gerezani. Kitabu kiliandikwa chini ya utawala wa Mwingereza, na anayekisoma leo haoni haja ya kumuuliza mwalimu kinamhusu nani.

Kwa kikundi cha Mbale naona kina faida ambayo hakuna kitabu kingine kilichotajwa hapa kinayo: kimegawanyika chenyewe. Mpeni kila mwanachama mjumbe wake. Yule mfanyabiashara wa kahawa asome safari moja tu, muuguzi asome nyingine, na siku ya kikao kila mtu asimulie ya kwake kana kwamba yeye ndiye anayesimama mbele ya baraza la Kusadikika. Hakuna atakayelemewa, na kitabu kizima kitakuwa kimesomwa.

Lugha yake ni ya juu, sikatai. Lakini asisome na kamusi magotini. Asome ukurasa mzima, apige mstari kwa penseli chini ya maneno yanayojirudia na kumsumbua, kisha ayatafute hayo tu mwishoni. *Kamusi Kuu ya Kiswahili* ya BAKITA inatosha kabisa. Anayetafuta kila neno humaliza kamusi kabla ya riwaya.

Kwa anayeishi karibu na ziwa naongeza *Rosa Mistika* cha Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Muuza Vitabu amewaogopesha watu na Kezilahabi wa *Nagona*, na ana haki, lakini huyu wa mwanzo ni mwingine kabisa: sentensi fupi, hadithi iliyonyooka, na kisiwa cha Ukerewe ambacho ni cha ziwa hilihili tunalolitazama kutoka Entebbe na Jinja. Baba mlevi anawachunga binti zake kwa fimbo, na mkubwa wao, Rosa, anapopata uhuru shuleni hajui afanye nao nini. Kiliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa uwazi wake. Nadhani wazazi wanaokiogopa wangekisoma kwanza wangejiogopa wenyewe.

Mama Wawili, Mutukula

Mimi sina mengi. Nasoma ninachosoma na watoto, na sasa tumo katika *Watoto wa Mama N'tilie* cha Emmanuel Mbogo. Peter na Zita wamefukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, na mama yao anauza chakula ili nyumba isimame, huku baba akinywa. Binti yangu wa darasa la sita aliuliza kwa nini baba wa hadithi za Kiswahili ni walevi, na baada ya kusoma maelezo ya *Rosa Mistika* hapo juu naona swali lake halikuwa la kitoto.

Ni kitabu kifupi, lugha yake ni ya leo, na mtu mzima haoni aibu kukisoma. Kwa aliye mgeni kabisa, hata kabla ya hapo, ziko hadithi za bure za African Storybook katika intaneti, kwa Kiswahili, kwa Luganda na kwa lugha nyingine zetu. Nyingine ni za sentensi moja kwa kila ukurasa. Mume wangu alianza na hizo akijifanya anamsomea mdogo.

Afande, nimecheka uliposema vijana wa kiume hasa. *Kikosi cha Kisasi* nilikisoma mimi usiku mmoja, nikachelewa kufungua duka.

Mwalimu wa Mbale

Nawashukuru wote. Nimezisoma hoja zenu kwa wenzangu jana jioni, nasi tumebishana kuliko tulivyowahi kubishana juu ya kitabu tulichokisoma.

Afande, nimekuelewa, na nakubali kwamba sikio ni mali. Yule mfanyabiashara wa kahawa, ambaye Kiswahili chake ni cha mpakani kitupu, ndiye aliyeng'amua upesi kuliko sisi sote kwamba Bwana Msa na Willy Gamba wanawindana na wahalifu kwa njia mbili tofauti, mmoja kwa kukaa na kufikiri, mwingine kwa kukimbia na bastola. Anamtaka anayekaa. Anasema kukimbia amekimbia vya kutosha.

Juu ya Lawino hakukuwa na upinzani hata kidogo. Shida ni nakala. Dada wa Gulu, kama maktaba hiyo ya shule inaruhusu, tungeomba kupigiwa picha kurasa chache tu za sehemu ya saa ili tuzisome kwa sauti, huku tukiendelea kutafuta kitabu chenyewe.

Mwanafunzi wa Makerere, wazo la kugawana wajumbe sita limewapendeza walimu na kuwatisha wengine. Tumeliweka la tatu.

Sasa niongeze pendekezo ambalo limetoka kwa muuguzi wetu, na ambalo naona limekaa vizuri kwa watu wa upande huu wa mashariki. Yeye anasoma *Siku Njema* cha Ken Walibora, kilichotoka mwaka 1996, alichokiazima kwa binamu yake aliyesoma Kenya. Kongowea Mswahili amezaliwa Tanga na mama mwimbaji wa taarabu aliyesifika, Zainabu Makame. Mama anafariki, mtoto anateswa na jamaa waliopaswa kumlea, kisha anafunga safari kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua, mpaka anafika pande za Kitale. Sasa Kitale na Mbale zimetenganishwa na Mlima Elgon tu. Muuguzi alipotusomea sehemu za safari hiyo, wale wetu wanaoujua upande wa pili wa mlima walianza kumrekebisha mhusika juu ya baridi na barabara, kana kwamba yupo chumbani. Nilipoona hivyo niliacha kuhesabu kura. Tutaanza na *Siku Njema*, tufuate Lawino, na *Kusadikika* baada ya hapo. *Mzimu wa Watu wa Kale* kila mtu atakisoma kwa wakati wake, kwa sababu haifai kukutana kuzungumzia hadithi ya mauaji wakati nusu ya wanachama hawajajua muuaji.

Swali la mwisho ni la vitendo. Katika maduka ya vitabu niliyoyapitia Kampala, rafu ya Kiswahili imejaa vitabu vya mazoezi na miongozo ya mitihani. Riwaya zenyewe mnazipata wapi, tena kwa bei ambayo mwalimu anaimudu?

Muuza Vitabu, Jinja

Mwalimu, *Siku Njema* nimeridhika nayo. Kwa kuwa ilisomwa sana katika shule za Kenya, nakala zilizotumika ni nyingi, na hilo ndilo jibu la nusu ya swali lako. Mwambie mfanyabiashara wenu avuke Busia na aulize kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika, hasa shule zinapofungwa, wakati wanafunzi waliomaliza wanapoviuza. Akague kurasa za katikati kabla ya kulipa, maana hizo ndizo hung'oka, na asinunue nakala iliyoandikwa majibu ya mtihani pembeni. Inamharibia msomaji utamu. Vitabu vya Tanzania, yaani vya Musiba, Mtobwa, Kezilahabi na hiyo *Peponi* yako, ni afadhali uagize Dar es Salaam kwa mtu unayemwamini au kwa duka la TPH lililopo Mtaa wa Samora, na kifurushi kije na basi mpaka Kampala. Agizeni kwa pamoja ili nauli igawanyike.

*Wimbo wa Lawino* sina, na sijaiona sokoni kwa muda mrefu. Nikiipata sitaiuza, nitaituma Mbale mkaisome, kisha mnirudishie.

Min Lakwena, Gulu

Nimezungumza na mkutubi. Ameruhusu zile kurasa za saa zipigwe picha, kwa sharti kwamba mtueleze baadaye ni nani aliyemtetea Ocol huko kwenu.